Kiwanja cha Mama Vitumbua

Nilifanya kazi ya mapokezi kwenye gesti ya Bi Jaha, Chang'ombe ya Dodoma, tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka nilipoolewa. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia yeye, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia.

Bi Jaha binti Bushiri alikuwa mwanamke mrefu, wa sauti ya chini, aliyependa kukaa kimya wakati wengine wanaongea. Ukoo wao ni wa mjini hasa. Babu wa babu yake alifika Dodoma na misafara ya pembe akitokea Unyamwezi, akachoka kutembea, akaoa, akabaki. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mama yake aliitwa Bi Lulu, lakini jina hilo lilijulikana nyumbani tu. Mji mzima ulimwita Mama Vitumbua.

Nyumba ya Mama Vitumbua ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mikutano, ule tuliouita Ukumbi Mkubwa. Wajumbe wa mikutano wakitoka kwenye vikao walikuwa wanapita uani kwake kunywa chai ya tangawizi. Wengine walikuwa watu wazito kabisa, lakini kwake wote walikaa kwenye benchi lilelile na kusubiri zamu. Jaha mwenyewe wakati huo hakuwepo. Alikuwa ameolewa Kondoa na mwanamume aliyekuwa na mashine ya kukamua alizeti, na Dodoma alikuja sikukuu kwa sikukuu.

Halafu zikaja zile nyakati za ruksa. Sabuni na sukari zikarudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, vyama vikawa vingi, na kila shirika likataka kufanya semina. Ukumbi ukawa hautoshi. Watu walisimama madirishani, vipaza sauti vilikoroma, choo kilikuwa kimoja. Ikaundwa kamati ya kupanua ukumbi, na mwenyekiti wake akawa diwani mmoja aliyeitwa Batholomeo, mtu wa suti za kaunda na kicheko kikubwa. Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kuchora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye nyumba zote za nyuma ya ukumbi. Wenye nyumba wakaambiwa hilo ndilo eneo la upanuzi, wahame.

Wengi walihama. Mama Vitumbua alisema hahami mpaka aonyeshwe pa kwenda. Wakaja mgambo na greda asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, msimu wa mvua. Walimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kamba, wakamnyanyua na kiti chake wakamweka barabarani. Nyumba ikashuka. Mchana ikanyesha ile mvua yetu ya Dodoma, isiyokuja mara kwa mara lakini ikija inakuja na mafuriko, na godoro lake na magunia ya mchele na unga vikaloana vyote pale nje mbele ya watu.

Jaha alipopata habari na kufika, alimkuta mama yake mtaa wa Kikuyu, amehifadhiwa kwenye chumba cha mtu, amepakata chuma chake cha vitumbua. Ndicho alichookoa.

"Umekula?" Mama Vitumbua alimwuliza mwanawe. Basi. Juu ya nyumba hakusema neno, siku ile wala siku nyingine.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani alikuwa amekufa. Daktari alisema moyo. Jaha alimsikiliza daktari, akamshukuru, akaenda kumzika mama yake. Baada ya arobaini akaenda ofisini kwa diwani. Karani alimwambia mheshimiwa yupo kikaoni. Akakaa kwenye benchi na watu wengine wenye shida zao mpaka jioni. Batholomeo alipotoka aliwaangalia wote waliokaa pale, akasema, "Hamjambo wananchi," akacheka kicheko chake, akaingia kwenye gari.

"Aliniangalia usoni, Ester," Bi Jaha alikuwa akiniambia. "Usoni kabisa. Alijua mimi ni nani na akacheka."

Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Nyumba kuvunjwa kulimuuma, kufiwa kulimuuma, lakini kicheko kile ndicho alichorudi nacho Kondoa na kulala nacho. Mumewe alipofariki, aliuza mashine ya alizeti, akachukua sehemu yake ya mirathi, akaja Dodoma kujenga gesti. Watu walidhani ni biashara, kwa sababu kweli ilikuwa biashara nzuri. Bunge likikaa, hakuna kitanda kinachobaki kitupu mjini, hata watu wa Mkonze, pembeni kabisa ya mji, wanapangisha sebule. Lakini mimi aliniambia ukweli siku moja tukikunja mashuka: "Nilikuja kukaa karibu naye. Sikujua nitafanya nini. Nilijua tu kwamba mtu ukikaa karibu naye, iko siku atakuhitaji."

Miaka ikapita. Eneo la upanuzi lilikaa wazi, likaota mbigiri, mbuzi wakalishwa pale. Fedha za upanuzi hazikupatikana. Kamati iliandika huku na huku, ikaahidiwa na huyu na yule, ikawa ni hadithi ya kila mwaka. Bi Jaha naye akajenga jina lake taratibu. Gesti yake ilikuwa safi, maji hayakosekani hata mji mzima ukikauka, kwani alichimba tangi kubwa chini ya ua. Wenye gesti wenzake walipoanzisha umoja wao, walimchagua kuwa mwenyekiti. Hakugombea. Walimtaka kwa sababu haongei ovyo.

Ndipo wakajitokeza wafadhili. Benki moja ya nje ilikubali kuukopesha mji fedha za kupanua ukumbi, lakini kwa sharti: mji wenyewe uchangie, na mchango uwe wa uhakika, si wa maneno. Kamati ikabuni tozo ya kitanda. Kila mgeni anayelala gesti yoyote Dodoma ataongeza kidogo juu ya bei ya chumba, mwenye gesti atakusanya, na fedha hiyo itaulipa mkopo. Watu wa benki wakasema vizuri, lakini tutakuja kuwasikia wenye gesti wenyewe wakisema wameridhia. Hatutaki mkopo wa kulazimisha watu.

Batholomeo akaja Chang'ombe.

Alikuja na gari, akashuka na kicheko chake, akaniamkia mimi pale mapokezi kabla mimi sijamwamkia, jambo lililonishangaza. Bi Jaha akatoka uani, kanga begani, akamkaribisha barazani, akaniagiza chai.

"Mwenyekiti kwa mwenyekiti," alisema Batholomeo. "Bi Jaha, mji huu unakutegemea wewe. Mimi nimekimbia na jambo hili miaka yote, sasa limefika mlangoni, na ufunguo unao wewe."

"Mheshimiwa unanikuza," alijibu Bi Jaha.

"Nakwambia kweli. Ukumbi ukiwa mkubwa, wageni watakuwa mwaka mzima, si wakati wa Bunge peke yake. Hamtapumua kwa wateja. Wenzako watakusikiliza. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikamwona Bi Jaha akimwangalia usoni muda mrefu. Baadaye aliniambia alikuwa anangoja. Alitaka kuona kama ataona haya, kama atataja hata kwa mbali ile nyumba. Batholomeo alipuliza chai, akasubiri jibu kwa uso mkunjufu.

"Nitaongea nao," alisema Bi Jaha. "Sioni kama watakataa."

Alipoondoka nilimwuliza kama kweli tutakusanya hiyo tozo. Bi Jaha alikuwa amekishika kikombe alichonywea Batholomeo. Alikitumbukiza kwenye ndoo ya takataka, kikombe kizima.

"Hatukusanyi chochote," alisema. "Lakini wewe hujasikia."

Kuanzia hapo akawa rafiki wa Batholomeo. Alihudhuria vikao vya kamati, akakaa kiti cha jirani naye. Akamwambia wenye gesti wa Chang'ombe wako tayari, wa Kikuyu wako tayari, bado wachache wa Mkonze lakini watalainika. Alialikwa kwenye harusi ya binti wa Batholomeo, akaenda na zawadi. Huko alimfahamu mkewe, Asnath, mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole aliyempenda Bi Jaha mara moja.

Na Batholomeo, kwa kuamini kwamba jambo limekwisha, akafanya lile ambalo Bi Jaha alilifurahia kuliko yote. Sehemu ya eneo la upanuzi ikageuka kimyakimya kuwa kiwanja chake. Akakopa benki ya mjini, akaweka rehani nyumba yake anayoishi, akaanza kujenga hoteli ya ghorofa. Hesabu yake ilikuwa wazi: ukumbi ukipanuka, wakubwa watataka kulala hatua chache tu kutoka mlangoni. Nguzo zikaanza kupanda palepale ulipokuwa ua wa Mama Vitumbua.

Bi Jaha alienda kuangalia. Alirudi na vumbi la saruji kwenye viatu, akakaa barazani, akaomba maji. Nilidhani atalia. "Kumbe kiwanja hawakukitaka kwa ajili ya ukumbi," alisema. "Mama yangu alinyanyuliwa na kiti chake ili huyu ajenge hoteli." Akanywa maji yote. "Mwache ajenge. Ajenge sana. Afike ghorofa ya pili."

Alimhimiza kabisa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mheshimiwa, usijenge ya ghorofa mbili, wageni wa kimataifa wataidharau. Weka tatu." Batholomeo akacheka, akamwambia ana akili ya biashara, akaongeza mkopo.

Watu wa benki ya nje walifika mwezi wa saba, wakati wa baridi. Mkutano ulifanyika ndani ya Ukumbi Mkubwa wenyewe, asubuhi. Nilikwenda na Bi Jaha kumbebea mkoba. Mbele kulikuwa na bwana mmoja mweupe, mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mkubwa wake, na mkalimani. Wenye gesti walijaza safu za katikati. Batholomeo alifungua kwa hotuba ndefu, akaonyesha michoro ya ukumbi mpya, akasema sasa atamkaribisha mwenyekiti wa umoja wa wenye gesti athibitishe kwamba wote wameridhia.

Bi Jaha alisimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti, alisimama palepale alipokaa, na kwa sababu ya sauti yake ya chini ukumbi mzima ukanyamaza ili umsikie.

"Wageni wetu, karibuni Dodoma," alisema. "Mimi sikuridhia. Na wenzangu nimewaambia wakiulizwa waseme lililo moyoni mwao. Kabla hamjatoa fedha zenu, tokeni nje hapo nyuma. Mtaona hoteli inajengwa. Ulizeni ni ya nani. Halafu ulizeni kiwanja kile kilichukuliwa kwa watu kwa sababu gani. Sisi tuliambiwa ni cha kupanulia ukumbi. Nyumba zilivunjwa kwa ajili ya ukumbi. Ukumbi haujapanuka hata tofali moja, lakini hoteli ya mwenyekiti imefika ghorofa ya pili. Mkitaka wageni wetu walipie jambo hilo, mimi sitawakusanyia."

Akakaa.

Mkalimani alisita. Yule mama wa Kihindi akamwambia kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Nimemwelewa, huna haja ya kufasiri." Akainuka, akatoka nje, yule bwana akamfuata. Kupitia madirishani tuliwaona wamesimama chini ya zile nguzo wakiangalia juu. Batholomeo alibaki mezani na michoro yake. Alimtazama Bi Jaha, na safari hii hakucheka. Midomo yake ilikuwa inasema "kwa nini," bila sauti. Bi Jaha alinishika mkono tukaondoka. Njia nzima alitembea kwa haraka kama msichana, nikawa nakimbia kumfuata.

Mkopo haukuja. Kamati ikavunjwa. Uchaguzi uliofuata Batholomeo alipata kura za ndugu zake tu. Benki ya mjini ikaanza kudai, na hoteli isiyokwisha haikuwa na mnunuzi, kwa hiyo wakaigeukia nyumba yake.

Ndipo Asnath akaja gesti. Alikuja kwa miguu, jua kali, na kitambaa kichwani kimelowa jasho. Bi Jaha alimpa kiti.

"Mama Fahadi," alisema Asnath, akimwita kwa jina la mtoto mkubwa wa Bi Jaha, aliyebaki Kondoa, "mimi siujui ubaya wako na mume wangu, baba Kefa. Sikuulizi. Lakini inasemekana wale wa benki ya nje wanaweza kurudi kama ninyi wenye gesti mkiwaandikia kwamba sasa mmekubali. Hoteli itapata mnunuzi, nyumba itapona. Nina watoto wa marehemu dada yangu pale ndani. Nakuomba kama mwanamke mwenzangu."

"Wewe hukunikosea," alisema Bi Jaha.

"Basi nifanyie mimi."

"Siwezi kukufanyia wewe bila kumfanyia yeye."

Asnath alilia pale kwa muda. Bi Jaha hakumnyamazisha na hakuondoka. Alikaa naye mpaka alipomaliza, akampa maji ya kunawa uso, akamsindikiza mpaka barabarani. Nyumba ya Batholomeo ikapigwa mnada mwezi uliofuata.

Sitasema mji wote ulishangilia. Wenye gesti walishangilia mwanzoni, halafu wakaona semina zote kubwa zinakwenda Arusha, vitanda vyao vinabaki vitupu Bunge likimalizika. Bwana Athuman wa Mkonze alifunga gesti yake akaigeuza ghala la mahindi, na siku anafunga alikuja kumwambia Bi Jaha, mbele yangu, "Ulikuwa na ugomvi wako ungetuambia. Umetuchapa wote kwa fimbo ya mtu mmoja." Bi Jaha alimjibu kwamba hajamlazimisha mtu kuikataa tozo. Lakini mwaka ule hawakumchagua tena, na mshahara wangu ulipungua.

Batholomeo alipooza upande mmoja. Walikuwa wamehamia chumba cha kupanga, na huko ndiko alikoangukia. Bi Jaha aliposikia yuko hospitali, alivaa nguo zake za Ijumaa, akajifukiza udi, akaniambia twende.

Wodi ilikuwa imejaa. Asnath alikuwa ameenda kutafuta dawa. Bi Jaha alivuta kigoda, akakaa mahali ambapo lazima mgonjwa amwone. Batholomeo alifungua macho.

"Bi Jaha," alisema kwa mdomo uliopinda. "Umekuja kuniona. Asante." Akapumzika. "Kwa nini ulinifanyia vile? Nilikukosea nini?"

Nilimwona Bi Jaha akishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Hujui?"

"Najiuliza kila siku. Nilidhani umehongwa na wapinzani wangu."

"Mama yangu ni Mama Vitumbua. Nyumba ya nyuma ya ukumbi. Mlimbeba na kiti chake mkamweka kwenye mvua."

Batholomeo alifikiri. Alijitahidi kweli kufikiri, niliona mshipa wa paji la uso ukisimama. "Nyumba zilikuwa nyingi," alisema. "Mimi siku ile nilikuwa Dar. Mama... wa vitumbua?"

"Ulikuwa unakunywa chai kwake."

"Nilikuwa nakunywa chai mahali pengi."

"Na mimi nilikaa ofisini kwako kutwa. Ukaniangalia ukacheka."

"Mimi nilikuwa nacheka na kila mtu," alisema Batholomeo, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho moja, lile la upande uliolegea, sijui kama ni ya kulia au ni ya ugonjwa.

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakohoa. Bi Jaha akamwinamia Batholomeo, akaanza kumsimulia. Alimsimulia kila kitu tangu ile alama nyekundu: mchele uliovimba ndani ya magunia, chumba cha Kikuyu, swali la "umekula," mazishi. Alisimulia bila kupandisha sauti na bila kuruka kitu, na Batholomeo aliposinzia alimgusa bega mpaka akafungua macho. Alipomaliza akasema, "Jina lake ni Lulu binti Fahadi. Litaje."

"Bi Jaha, mgonjwa huyu," nilimnong'oneza.

"Litaje."

Batholomeo akajaribu. Ulimi ulimzuia, likatoka kitu kisichokuwa jina. Bi Jaha akamtamkia tena, polepole, kama unavyomfundisha mtoto, naye akarudia, na tena, mpaka likatoka vizuri. Nesi akaja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Nje, kwenye miti ya mwarobaini, tulimwona Asnath akija na mfuko wa dawa. Bi Jaha alimpa pole, akamwekea mkononi fedha ya teksi, na Asnath akaipokea.

Tulitembea mpaka Chang'ombe bila kupanda gari, upepo wa jioni unatupiga vumbi usoni. Nilidhani moyo wake umetulia, au labda anajuta, na nilimwuliza. Alisimama katikati ya njia.

"Bora ningemwambia siku ile ile alipokuja kunywa chai," alisema. "Ningemwambia jina, halafu ndiyo nikafanya yote. Sasa ona. Amepoteza nyumba, amepoteza udiwani, na muda wote huo alikuwa anadhani ni siasa." Alitema mate pembeni. "Nimempiga mtu usingizini, Ester."

Batholomeo alikufa kabla ya mwaka kwisha. Bi Jaha hakwenda msibani, ila aliagiza mchele na mafuta yapelekwe. Wiki hiyohiyo Bunge lilikuwa linaanza, na tangu alfajiri wabunge na madereva wao walikuwa wamepanga foleni barazani wakitaka vyumba. Alinikuta nimezidiwa, akanisogeza pembeni, akashika funguo mwenyewe.